Mama Asiyekuwamo Kitabuni

Shule ya wasichana, Vitengeni
1 Juni 2025

Kwa shangazi Easter,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, cherehani nayo nzima, na yule paka wako aliyeniparura awe anaumwa kidogo. Mimi sijambo. Maharagwe ya shule nayo hayajambo, yana wadudu wenye afya kunishinda. Mama nilimwacha Tezo akipalilia mahindi, anakusalimu. Mwalimu wa zamu husoma barua zetu kabla hazijatoka, kwa hiyo namsalimu na yeye papa hapa. Shikamoo, mwalimu.

Sasa jambo lenyewe. Filamu ya Kodi ya Chozi imetoka! Inaonyeshwa Nairobi na Mombasa tangu juma lililopita, na sisi wafuasi wa kweli tumefungiwa huku tukijifunza uzazi wa panzi. Simu ni marufuku. Tumeunda chama chetu hapa Kidato cha Tatu, kinaitwa Wana wa Chumvi, mimi ndiye mwenyekiti, na kazi ya mwenyekiti ni kuleta habari. Nimewaahidi kwamba nina mtu wangu mwenye simu nzuri. Mtu huyo ni wewe. Nakuomba uingie mtandaoni, usome mashabiki wanasema nini, uninakilie kwa mkono. Usifupishe.

Najua hukukisoma kitabu (ulisema maandishi ni madogo na watu wake hawali), basi nakueleza. Ni miaka mingi ijayo. Bahari imezungushiwa ukuta na chumvi yote ni ya Mamlaka. Kwa kuwa machozi yana chumvi, machozi nayo ni mali ya Mamlaka, na anayelia bila kibali anafungwa. Sidi, msichana wa umri wangu, anafanya kazi kwenye mashamba ya chumvi. Rafiki yake Kombo anapigwa risasi, anafunikwa shuka, watu wanasimama kumzunguka, na ukurasa ule mzima una maneno mawili tu: Hakuna aliyelia. Wanayaweka machozi yao, shangazi. Mwishoni wanalia wote siku moja, na jela zinajaa mpaka Mamlaka inaanguka.

Siri ya huo mwisho nilitobolewa na marehemu baba kabla sijafika ukurasa wa kumi. Yeye ndiye aliyeninunulia kitabu pale Malindi, akajifanya anakikagua kama kinanifaa, akakaa nacho siku nne. Kwa hiyo unaelewa kwamba hii si filamu tu. Ole wao kama wamebadilisha hata mbuzi wa Sidi.

Likizo ya Agosti nitakuwa Tezo. Nimeshamwambia mama.

Ni mimi mwanao,
Nyevu Sanga


Gongoni
14 Juni 2025

Mwanangu Nyevu,

Marahaba. Mimi mzima, cherehani inapiga chafya lakini inashona, na paka anakula vizuri kuliko ulivyomwombea. Mwalimu wa zamu, hujambo? Pole na kazi ya kusoma habari za paka wa watu. Mama Mwaringa jirani amepata mjukuu, wamempa jina la bibi yake, na bibi mwenyewe anamwita mtoto "mwenzangu". Jua la huku unalijua. Chumvi inakauka na sisi tunakauka nayo.

Nimeingia huko ulikonituma. Nilidhani nitakuta watu wanazungumza juu ya filamu. Nimekuta vita. Nimekaa na miwani yangu juzi, jana na leo, na nguo za watu zinanisubiri, kwa sababu mwenyekiti ameagiza.

Umeniambia ole wao wakibadilisha mbuzi. Mwanangu, kaa kitako kwanza. Mbuzi wa Sidi kwenye filamu ni kondoo. Kuna mtu anayejiita Mlinzi wa Chumvi ameandika juu ya kondoo huyo maneno mengi kuliko waraka wowote wa Mtume Paulo. Anasema mbuzi ni alama ya ukaidi wa wanyonge na kondoo ni alama ya kusalimu amri. Watu elfu mbili wamemuunga mkono. Mmoja tu ameuliza kama huenda mbuzi alikosekana, naye ametukanwa mpaka akafunga ukurasa wake.

La pili ni nywele. Kitabuni, wanasema, Sidi amenyolewa. Kwenye filamu amesukwa vizuri, hata laini ya katikati imenyooka. Mama mmoja wa Nakuru anauliza ni Mamlaka gani hiyo inayofunga watu kwa kulia lakini saluni imeiacha wazi. Huyo nilimpenda.

Kijana mwingine anasema filamu imeua utoto wake. Nilifungua picha yake nimpe pole, nikakuta ana ndevu mpaka kifuani. Wako walioitazama mara nne ili wahakikishe wanaichukia. Wako ambao hawajasoma kitabu wala hawajaona filamu, na hao ndio wenye hasira zaidi.

Halafu kuna kilemba cha Sidi. Kitabuni ni buluu iliyopauka, kwenye filamu ni chekundu. Kuhusu hili wamegawanyika. Kundi moja linasema ni usaliti. Kundi la pili linasema nyekundu ni damu ya mapinduzi na mwongozaji, bibi Waruguru, ni mtu wa kipaji cha ajabu. Sasa nikwambie kitu ambacho sikupata kukwambia, maana hukuwa unapita huku. Filamu hiyo ilipigwa hapa Gongoni, Oktoba iliyopita, na kilemba hicho nilikishona mimi. Nguo zote za wafungwa ni mkono wangu. Kitambaa cha buluu kilikwisha dukani Malindi, mwenye duka akasema kimebaki chekundu, nikachukua chekundu. Hayo ndiyo mapinduzi.

Mengine waliyoandika ni ya ovyo, sikuyanakili.

Kitanda chako kipo pale pale chumba cha nyuma. Nimekiwekea chandarua kipya. Tezo na Gongoni kuna barabara ya lami kati yake, ukiamka mapema unafika kabla ya chai.

Shangazi yako,
Easter


Vitengeni
29 Juni 2025

Kwa shangazi,

Shikamoo tena. Sisi wazima. Maji ya bomba yamekatika, tunaoga kwa zamu na kwa imani. Mwalimu wa zamu amebadilika, wa sasa ni mkali, basi huyu naye shikamoo.

Barua yako niliisoma kwa sauti bwenini. Nilipofika kwenye kondoo, Charity wa chama chetu alilala chini kwa kicheko. Kwa kilemba nimekusamehe, ingawa chama kimepiga kura na kura yangu peke yake ndiyo iliyokusamehe. Kwamba nguo umeshona wewe, hiyo wamekataa kuamini. Wanasema mwenyekiti anajikweza.

Lakini shangazi, umenificha jambo, na jambo lenyewe ndilo kubwa kuliko yote.

Jumapili iliyopita ilikuwa siku ya wazazi. Kaka yake Charity, Thuku, ameiona filamu Mombasa. Anasema pale Kombo anapofunikwa shuka, pale penye maneno mawili matakatifu, anatokea mama mmoja wa leso, hana jina, hana maneno aliyopewa, hayumo kitabuni kabisa, anajitupa juu ya maiti na kupiga ukunga. Na wengine wanafuata! Wanalia wote, papo hapo, katikati ya hadithi, kabla ya wakati! Na askari wa Mamlaka, ambao kazi yao ni kukamata chozi moja, wamesimama tu kama wamekuja kununua samaki.

Thuku anasema ukumbi mzima wa Mombasa ulizomea, na mtandaoni hakuna linalozungumzwa ila huyo mama. Wewe umekaa siku tatu na miwani, umeniletea kondoo. Huyo mama hukumwona?

Unajua kwa nini ukurasa ule ni mtakatifu kwangu? Baba alipoufikia aliniita jikoni, akanionyesha kwa kidole, akasema: "Nyevu, tazama. Maneno mawili. Mtu mwingine angejaza kurasa kumi." Hakuwa msomaji, unajua, alikuwa dereva wa lori la chumvi. Lakini ukurasa ule aliuelewa. Na sasa amekuja mama fulani wa kuokotwa barabarani ameukanyaga na ndala zake.

Kwa hiyo tumeandika waraka kwa bibi Waruguru. Tunamtaka akate kipande hicho. Darasa zima limetia sahihi, na mwalimu wa fasihi ameutuma kwa simu yake. Nimeuandika mimi. Sentensi ya mwisho inasema, "Huyu mama anayelia hana uchungu wowote, analia kwa sababu amelipwa." Imepigiwa makofi.

Wangekuja kukuuliza wewe tu. Wewe ungeweza kumfundisha mtu kusimama mbele ya maiti bila kulia. Nilikuona.

Agosti niko Tezo, kama nilivyosema.

Nyevu


Gongoni
26 Julai 2025

Nyevu,

Salamu. Nimechelewa kujibu. Umeme umekuwa ukikatika na shule tatu zinataka sare kabla ya kufunga. Mjukuu wa Mama Mwaringa ameota jino. Paka amezaa, kumbe alikuwa jike.

Waraka wenu umefika. Nauona mtandaoni, umesambaa, watu wanausifia Kiswahili chake. Sentensi ya mwisho wameichapisha kwenye picha yenye maua. Hongera. Na bibi Waruguru amejibu hadharani kwamba amewasikia mashabiki, na ile nakala itakayoonyeshwa kwenye televisheni mwisho wa mwaka atamkata yule mama. Mmeshinda. Mamlaka imeanguka bila hata chozi.

Kuhusu huyo mama sina la kunakili.

Ila kuna kitu sikielewi, na wewe ni mwenyekiti, labda unisaidie. Kitabuni, mtu akisimama mbele ya maiti macho makavu ni shujaa. Mnamtungia chama. Mnamchora kwenye fulana. Tezo, mtu akisimama mbele ya maiti macho makavu, wanawake wanapeana viwiko nyuma ya turubai, na mtoto aliyembeba mgongoni hamjii nyumbani mwaka mzima. Labda tofauti ni kwamba Sidi hakuwa na wageni wa kulisha.

Nani alikwenda Malindi kutafuta jeneza la mtu mrefu? Nani alikuwa akiulizwa kila dakika, mchele uko wapi, kuni ziko wapi, wazee wa upande wa mama wamefika hawajapewa chai, mchungaji anataka kipaza sauti? Kulikuwa na sufuria nne motoni na zote zilikuwa zinaungua. Basi tuyaache.

Sketi yako ya shule nimeishona upya, nitampa Nzai wa lori amfikishie mama yako Tezo. Nimeiongeza urefu, maana najua umerefuka, ingawa sijakuona.

Easter


Vitengeni
21 Septemba 2025

Kwa shangazi yangu,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi salamu. Mama hajambo, mahindi yametoka vizuri, sketi ilifika Agosti. Nilimwambia mama hainitoshi nikaiacha kwenye begi. Inanitosha. Nimeivaa leo.

Sikukuandikia likizo nzima na wewe hukuandika. Sasa nyamaza usome.

Jana Jumamosi shule ilituletea filamu. Mwalimu wa fasihi aliipata kwa njia zake, wakatundika shuka la bweni kwenye ukuta wa bwalo. Sisi Wana wa Chumvi tulikaa mbele tukiwa tumejiandaa. Tulizomea jina la filamu lilipotokea. Kondoo alipotokea tulizomea mpaka mpishi akaja kuchungulia. Nywele za Sidi zilizomewa kwa wimbo. Charity alikuwa na karatasi ya kuandika makosa, na kalamu ilikuwa imeanza kwisha wino. Sijafurahi hivyo tangu mwaka jana.

Kisha Kombo akapigwa risasi. Wakamfunika shuka. Wanawake wakasimama. Nikawainulia wenzangu mkono wakae tayari.

Akatokea mama kwa mgongo. Niliiona leso kwanza. Ile ya kahawia yenye embe, iliyoungua pasi kwenye pembe, ambayo ulinifunika nayo nilipougua malaria. Nikajiambia, leso za embe ziko nyingi. Yule mama akainama kurekebisha shuka miguuni. Akasimama hivyo. Kisha akasema, "Sanga wee. Miguu yako iko nje. Nani amekufunika hivi, Sanga?"

Shangazi, bwalo zima lilikuwa linazomea na mimi nilikuwa mwenyekiti wao.

Ulilia kama sijawahi kusikia mtu akilia. Ulimwita kwa majina yote. Ulimwambia lori liko nje linamngoja. Ulimwambia amekuacha na mtoto asiyetaka kukuona. Hayo wenzangu hawakuyasikia, maana yalikuwa kwa Kigiriama na wao walikuwa wanapiga meza. Mimi niliyasikia.

Nilianza kulia hapo hapo nilipokaa. Charity akanikumbatia, akaninong'oneza, "Usilie, Nyevu, tutaandika waraka mwingine." Alidhani nimekasirikia filamu! Nikalia zaidi. Basi wasichana wa Ganze walio nyuma wakasikia mwenzao analia, na unawajua, mtu wa kwetu haachwi alie peke yake, wakaanza nao bila kuuliza. Kisha meza ya Kidato cha Pili. Kila mmoja alikuwa na wake wa kumlilia, nadhani, ila hajapata nafasi. Mwalimu wa zamu akawasha taa akiuliza nani amefiwa. Matroni akaja mbio na boksi la dawa. Filamu ikaendelea peke yake ukutani, mapinduzi yakafanyika, hakuna aliyeyaona.

Sasa nikwambie lililonifanya nisije. Siku ya mazishi sikulia. Umesahau? Hakuna anayekumbuka, kwa sababu wote walikuwa wanakutazama wewe, na mimi pia nilikuwa nakutazama. Nilijiwekea sharti kwamba shangazi akianza, ndipo nami nitaanza. Nilikuwa naogopa kuanza peke yangu. Nikakufuata kwa macho kutwa nzima, kutoka jikoni mpaka kwenye turubai, kutoka turubai mpaka kaburini, wewe na mwiko wako. Hukuanza. Watu wakaondoka, viti vikapakiwa, na mimi nikabaki na machozi yangu yote. Nikakuchukia. Ilikuwa rahisi zaidi kuliko ile kazi nyingine.

Asubuhi nimeitisha kikao cha chama niufute waraka. Charity anasema waraka uliopitishwa kwa kura haufutwi kwa sababu mwenyekiti ana hisia. Nimejiuzulu. Nimeandika waraka mpya wa kumwomba bibi Waruguru asikukate, na waliotia sahihi ni wa Ganze tu na matroni.

Ile sentensi ya mwisho, ile ya kulipwa. Shangazi, naomba usiikumbuke.

Nyevu


Gongoni
5 Oktoba 2025

Mwanangu Nyevu,

Marahaba, marahaba, na mwalimu wa zamu naye ajitafutie leso, maana najua anasoma. Mimi mzima. Watoto wa paka ni watatu, mmoja ameanza kuparura, nimempa jina lako. Mama Mwaringa anauliza kila siku kama umeandika, nikamwambia umeandika, akapiga kigelegele njia nzima kama umeolewa.

Sentensi ile siwezi kuisahau, imechapishwa na maua. Na ni kweli nililipwa. Nililipwa kushona.

Nitakwambia ilivyokuwa, maana umenilazimisha. Siku hiyo bibi Waruguru aliwakusanya wanawake wa hapa, akawaambia wasimame kimya kumzunguka maiti. Wakakataa. Mmoja wao, Nyale, akamwambia, "Mwanangu, maiti afunikwe, sisi tusimame kama nguzo? Watu watasema Gongoni hakuna mila." Bibi Waruguru akasema basi lieni kidogo. Wakakataa zaidi. Aliye chini ya shuka ni mtoto wa watu, Kiprop, mzima wa afya, ametoka kula chapati. Ukimlilia mtu aliye hai unamwitia nini? Wakabishana mpaka jua likageuka. Mwishowe wakakubali kusimama tu, kwa shingo upande.

Mimi nilikuwa pembeni na sindano zangu. Bibi Waruguru akaniambia, "Mama Easter, hebu rekebisha shuka, miguu inaonekana." Nikaenda. Kiprop ni mrefu. Vidole vyake vilikuwa nje, vimepakwa vumbi. Baba yako na mimi tulilala mkeka mmoja mpaka alipoanza kuota ndevu, na kila usiku miguu yake ilitoka nje ya shuka, na kila usiku niliamka nikamfunika. Nilivuta lile shuka na halikufika. Basi.

Sikujua kama kamera inakwenda. Nilikuwa nimeyaweka tangu mazishi ya Agosti, na ile sufuria ya mwisho ilikuwa imekwisha kuoshwa.

Hao wengine sasa, wale wanaosifiwa kwa kuigiza vizuri. Hawakuigiza. Walidhani nimepigiwa simu! Walidhani nimefiwa hapo hapo. Nyale alijifunga leso kiunoni akaanza kulia kabla hajajua anamlilia nani, akitafuta simu yangu mfukoni aone ni nani aliyeleta habari. Mama Mwaringa alikuwa keshauliza mazishi ni lini na nani atakwenda kuleta maji. Wale askari wa Mamlaka walivua kofia, maana wawili ni vijana wa Tezo na wanajua adabu. Kiprop akafufuka akakimbia na shuka. Bibi Waruguru peke yake ndiye aliyebaki amesimama, amefunika mdomo, na yule wa kamera hakuizima.

Alinijia jioni akaniuliza kama anaweza kukitumia kilio kile. Nikamwambia fanya upendavyo, nani ataangalia? Sikujua kwamba nimelea mwenyekiti.

Juzi amenipigia tena, anauliza kama nitaumia akikikata. Nikamwambia akate. Mimi kulia nimekwisha lia, hicho alicho nacho yeye ni picha yake. Lakini sasa sikiliza vituko. Mashabiki wamesikia mama anakatwa kweli, na wale wale waliotaka akatwe wameanzisha kampeni asikatwe. Mlinzi wa Chumvi ameandika tena. Anasema yule mama ndiye roho ya filamu, na kwamba "Sanga" ni jina la siri la Kombo, na hiyo ni dalili kwamba sehemu ya pili inakuja na kwamba Sanga hakufa, yuko mafichoni akipanga mapinduzi. Watu elfu tano wamemuunga mkono. Ndugu yangu, dereva wa lori, amekuwa kiongozi wa mapinduzi! Angelipenda hilo jambo mpaka aharibu chakula cha watu kwa kulisimulia. Sikuwasahihisha. Waache wamngoje, na mimi kuna siku namngoja.

Sikujua kwamba ulikuwa unanisubiri nianze. Ungenivuta leso, Nyevu. Ungenivuta tu leso nikiwa pale jikoni, ningeliacha sima iungue na wageni wakalala njaa.

Mkifunga shule mwisho wa mwezi huu, usiteremke Tezo na begi lako kimya kimya. Njoo kwanza hapa ulale kitanda chako, asubuhi twende Tezo pamoja, mimi na wewe, tukakae pale alipo baba yako mpaka tutakapotosheka. Nimeshamwarifu mama yako. Watu watakuja, unawajua, wakisikia wawili wanalia hawatabaki majumbani, na watataka kula. Nimemwambia Dorcas wa kule Tezo ajipange na majirani zake wapike.

Safari hii mwiko sishiki mimi.

Shangazi yako,
Easter